Kazi Kwanza, Mashine Baadaye: Mhadhara wa Kaliua Juu ya Kuchagua Kompyuta Mpakato



Nimepewa jukumu la kusema juu ya jambo ambalo kwa sura ya nje ni la duka na bei, lakini kwa batini yake ni la mpango wa kazi: mtu anayekusudia kununua kompyuta mpakato achague mashine ipi na mfumo endeshi upi, ili mali yake isiende bure na shughuli yake isikwame njiani. Aghalabu mnunuzi huingia dukani akauliza, "Kompyuta ipi ni nzuri?" Swali hilo, kwa namna linavyoulizwa, halina jawabu, na muuzaji anayelijibu kwa haraka anafanya kazi yake ya kuuza, wala halaumiwi. Lenye jawabu ni swali jingine, refu zaidi na lisilopendeza sana sikioni: kazi yangu hufanywa kwa programu zipi, programu hizo hukubali kukaa katika mfumo upi, na mfumo huo huhitaji mashine ya nguvu gani? Hoja yangu yote jioni hii ni kwamba mpango huo wa maswali usipinduliwe. Kazi huchagua programu, programu huchagua mfumo, mfumo huchagua mashine, na fedha huja mwisho kuamua baina ya mashine zilizosalia. Na mtu aanzaye na mashine, kwa kuwa ameiona inang'aa au ameisikia ikisifiwa, atakuwa amekwisha kuyaamua yale mengine matatu bila ya kujua kwamba ameyaamua.

Kanuni hii si ngeni katika pande hizi za magharibi ya Tanzania. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji, kila mpagazi akichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, tajiri wa msafara alikuwa na jambo moja lililomsumbua kabla hajauacha mji wa pwani: kujua ni shanga za namna gani zinazopokewa katika kila nchi atakayopita. Henry Morton Stanley, ambaye alitengeneza msafara wake Zanzibar na Bagamoyo mwaka 1871, ameeleza kwamba shanga nyekundu za samesame zilipokewa Unyamwezi ambako nyingine zilikataliwa. Kwamba nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na hazikuwa kitu kwa watu wengine. Na kwamba nyeupe, zilizopendwa Ufipa, hazikutazamwa Ukonongo. Tajiri aliyenunua shanga kwa uzuri wa rangi yake tu aliweza kufika bara na mizigo tele na asipate kwa mizigo hiyo hata kibaba cha mtama. Wenye akili waliuliza kwanza habari za njia, wakanunua baadaye, nasi hatuna sababu ya kufanya kinyume chao.

Basi tuanze na programu, maana hapo ndipo penye shina la mambo. Namtaka kila mwenye nia ya kununua achukue karatasi, aandike kila programu ambayo kazi yake haiendi bila hiyo, kwa jina lake na toleo lake, wala asiandike maneno ya jumla kama "kuandika barua" au "mambo ya hesabu", kwa kuwa mambo ya hesabu yanaweza kufanywa kwa programu kumi, na kila moja ina masharti yake. Karatasi ikikamilika, programu zile zitagawanyika zenyewe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la programu zisizokaa katika mashine yako kabisa, bali ziko katika seva iliyo mbali, nawe huzifikia kwa kivinjari kama vile Chrome au Firefox. Fungu hili limekua sana katika zama zetu. Mfumo wa ulipaji wa Serikali uitwao MUSE, mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, FFARS ambao kwao shule na zahanati huandika mapato na matumizi, MUVU ambao vyama vya ushirika husimamiwa kwao, na hata maombi ya wanafunzi kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yote haya hufunguliwa kwa kivinjari. Kwa mtu ambaye karatasi yake imejaa programu za fungu hili, mfumo endeshi umekwisha kuwa jambo dogo: Windows itamfaa, Linux itamfaa, macOS itamfaa, na hata ChromeOS, ambayo kwa asili yake ni kivinjari kilichovikwa mashine, inaweza kumfaa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na kisa cha jirani zetu wa Kenya chaonyesha jinsi yalivyogeuka. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ulianza kutumika mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya Microsoft Access, ambayo ni programu ya Windows. Ulikuwa mfumo wa sifa, kwa kuwa uliwekwa katika kituo cha shamba ambacho umeme wake haukuwa wa kutumainiwa, na bado ukafanya kazi. Lakini wagonjwa walipoongezeka katika mpango wa AMPATH, ulioendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ilidhihirika kwamba msingi ule ni mwembamba kwa jengo linalotakiwa; na kutokana na kazi hiyo ya Eldoret ukazaliwa, mwaka 2004, mfumo wa OpenMRS, ambao mtumiaji huufungua kwa kivinjari, na ambao hauulizi kompyuta yake ni ya ukoo gani. Njia iyo hiyo ilifuatwa na DHIS, mfumo wa takwimu za afya uliotokea Afrika Kusini katika miaka ya 1990: toleo lake la kwanza lilikaa juu ya Access, na toleo la pili, linaloendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa leo na wizara za afya za Kenya na Tanzania, likahamia katika kivinjari. Mtu anayesema kwamba "kazi za ofisi lazima ziwe na Windows" anasema habari ya kweli ya miaka ishirini iliyopita.

Hata hivyo kivinjari nacho kina gharama zake. Kila ukurasa uliofunguliwa hula sehemu ya kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, na karani aliyefungua kurasa kumi pamoja na kitabu cha hesabu, katika mashine ya GB 4, ataona mshale ukisimama na feni ikilia. Kwa mtu wa fungu hili nashauri kwamba fedha ambazo angezitia katika jina la mashine azitie katika RAM ya GB 8 au zaidi, katika diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, na katika betri. Na asisahau kwamba programu iliyo mbali haifikiwi mtandao ukikatika, kwa hiyo bando lake ni sehemu ya bei ya kompyuta yake.

Fungu la pili ni la programu zinazokaa ndani ya mashine, lakini zimeandikwa kwa ajili ya mifumo yote mikubwa. Humo imo LibreOffice ya barua na hesabu. Imo VLC ya picha za video. Imo GIMP ya kusafisha picha. Imo R ya takwimu, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand. Na imo QGIS ya ramani. Hii ya mwisho inawahusu sana maafisa wa ardhi na misitu wa wilaya yetu, nayo imekwisha kupimwa humu nchini: katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenyeji wa kata zinazopatwa na mafuriko jijini Dar es Salaam, walichora mitaro, njia na nyumba kwa zana zilizo huru, wala hakuna aliyelipia leseni ya programu ili ramani zile zipatikane.

Wala Kiswahili hakikuachwa nyuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake ziliandikwa kwa lugha yetu. Na ukoo huo wa OpenOffice ndio uliozaa LibreOffice mwaka 2010. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba programu huru ni mambo ya vijana wa ng'ambo wasio na kazi, ilhali wasomi wa chuo chetu walikwisha kuzishika kwa mikono yao muda mrefu uliopita.

Fungu la tatu ndilo linaloamua, nalo ni la programu zilizofungwa katika mfumo mmoja au miwili. TallyPrime, ambayo wenye maduka na wahasibu wengi wa Afrika Mashariki huitegemea, ni ya Windows. ArcGIS Pro ya wapima ramani ni ya Windows. AutoCAD ya wachora majengo, pamoja na Photoshop na Premiere za wapiga picha, hukaa katika Windows na katika macOS, lakini katika Linux hazina makazi. FL Studio, inayopendwa na watengenezaji wa muziki, ni ya Windows na, tangu mwaka 2018, ya macOS pia. Lakini Logic Pro na Final Cut Pro ni za kompyuta za Apple, na mwenye kuzitaka katika kompyuta mpakato hana hiari ila kununua Mac. Katika fungu hili nawaingiza pia watumishi wasioonekana waitwao draiva, yaani programu ndogo zinazowezesha kompyuta kusemezana na printa, na mashine ya risiti za kodi, na kifaa cha kusoma alama za vidole. Kifaa cha bei kubwa ambacho draiva yake imeandikwa kwa Windows peke yake kimekuchagulia mfumo wako kama vile programu kubwa inavyofanya. Jina moja tu la fungu hili likiwamo katika karatasi yako, na lisiwe na badali, shauri limekwisha; lakini nasema "lisiwe na badali" kwa makusudi, maana mara nyingi badali ipo na haijatafutwa.

Naomba tumtazame kwa karibu karani mmoja wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, wa namna ambayo wengi wenu mnaijua. Msimu wa masoko unapofika, mkulima huleta marobota yake, yanapimwa, yanapangwa madaraja, na karani anaandika kilo, daraja na bei, kisha anatoa deni la pembejeo na makato mengine, ili mkulima ajue kinachobaki kuwa chake. Karatasi ya karani huyu ina mistari minne. Mstari wa kwanza ni MUVU: fungu la kwanza, mfumo wowote. Wa pili ni barua na mihtasari ya mikutano: LibreOffice yatosha, fungu la pili. Wa tatu ni kitabu cha Excel alichokirithi kwa karani aliyemtangulia, chenye vitufe ambavyo ukivibonyeza hupiga hesabu ya madeni yote na kutoa orodha ya malipo. Vitufe hivyo huendeshwa na makro, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kitabu chenyewe, na LibreOffice, ijapokuwa itazifungua tarakimu zile bila ya taabu, haina dhamana ya kuziendesha makro za Excel zote kama zilivyoandikwa. Wa nne ni printa kuukuu ya ofisi, ambayo draiva yake ilikuja katika kisahani cha CD pamoja na Windows ya zamani.

Mistari miwili ya kwanza inampa karani uhuru wote, na miwili ya mwisho inauondoa. Tofauti baina ya ununuzi wa busara na ununuzi wa mazoea ni kwamba sasa anajua uhuru wake umepotelea wapi. Anaweza kusema, "Nitanunua mashine ya Windows kwa sababu ya kitabu kile," na atakuwa amesema kweli. Anaweza pia kumtafuta mtu akiandike kitabu kile upya kwa fomula za kawaida zisizo na makro, kisha akaijaribu printa kwa kompyuta ya Linux ya rafiki yake, na yamkini akaikuta inafanya kazi vizuri. Na hapo mlango uliokuwa umefungwa umefunguka kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya kompyuta mpya.

Sasa, baada ya programu na mfumo, ndipo tuifikie mashine; na hapa yapo mambo ya zama hizi ambayo asiyeyajua atauziwa hasara. La kwanza ni kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa muda wa ziada kwa wale waliojiandikisha. Na Windows 11 ina masharti ambayo mashine nyingi za zamani haziyatimizi: RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha yao, ambayo kwa zile za Intel huanzia kizazi cha nane. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kuletwa huku ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, nazo ni mashine imara ambazo sizidharau hata kidogo. Lakini mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa jambo hili moja. Itazame namba ya prosesa. Ukisoma i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, yaani kizazi cha saba, na Windows 11 haiikubali rasmi; ukisoma i5-8350U, ni kizazi cha nane, nayo inakubaliwa. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu mbili za kwanza ndizo hutaja kizazi, kama katika i5-10210U. Usilitegemee jina lililochorwa kwenye kifuniko, kwa kuwa ziko mashine za jina moja zilizotolewa na prosesa za vizazi viwili. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokubaliwa, lakini Microsoft haiweki dhamana kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho.

Na hapa ndipo kanuni yetu inapojithibitisha. Mashine ile ya kizazi cha saba, ambayo kwa mhasibu wa Tally ni ununuzi wa majuto, kwa mwalimu ambaye karatasi yake ina kivinjari na LibreOffice peke yake ni tunu, maana bei yake itashuka na Linux Mint au Ubuntu itakaa ndani yake kwa raha. Ni mashine ile ile. Karatasi ndizo zilizotofautiana.

La pili ni la Mac. Kompyuta za Apple zilizotengenezwa kwa prosesa za kampuni yenyewe, kuanzia M1 ya Novemba 2020, zina nguvu nyingi na betri yake hustahimili mno; lakini ule mlango wa Boot Camp, ambao kwao Mac za zamani zenye prosesa za Intel ziliweza kupokea Windows, haumo tena katika hizi. Aliyenunua Mac ya namna hiyo kwa fahari, kisha akakumbuka kwamba mwajiri wake anatumia programu ya Windows tupu, hana budi kutafuta njia za kuzunguka, nazo zina gharama. Fauka ya hayo, RAM na diski zake zimegandishwa humo humo. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hata mwisho.

La tatu ni la vitu rahisi vinavyovutia macho. Ziko Chromebook zilizotumika katika shule za Marekani, zinazouzwa kwa bei ndogo kwa sura ya kompyuta kamili. Kwa mtu wa fungu la kwanza si mbaya, mradi aulize muda wake wa kupata masasisho unaisha lini, lakini kijana aliyekusudia kuweka AutoCAD humo amepotea njia. Ziko pia kompyuta mpya kabisa zenye diski ya eMMC ya GB 64 na RAM ya GB 4, ambazo Windows peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi yake, na sasisho kubwa likija huweza kukosa pa kushukia. Baina ya mpya ya namna hiyo na EliteBook ya kizazi cha nane iliyotumika, kwa bei zinazokaribiana, mimi nitaichukua iliyotumika bila ya kusita.

Lakini iliyotumika ichunguzwe kabla fedha haijatoka mkononi, kwa kuwa safari ya kutoka Kaliua kuirudisha Dar es Salaam ni ndefu kwa reli na kwa basi pia. Iwashe mwenyewe. Hakikisha haiulizi nywila ya BIOS, yaani ile inayotakiwa kabla mfumo endeshi haujaamka, wala haijitangazi kuwa ni mali ya kampuni fulani. Na kama ni Mac, hakikisha haijafungwa kwa akaunti ya mtu mwingine. Katika Windows fungua dirisha la amri, uandike powercfg /batteryreport, nayo itakuandikia ukurasa unaoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebakiwa na uwezo gani. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke. Unganisha printa yako kama unaweza kuichukua. Na ukikusudia Linux, nenda na flashi iliyowekwa Ubuntu, uiwashe mashine kwa flashi hiyo bila ya kuweka chochote ndani, ujaribu Wi-Fi, sauti na kamera hapo hapo kaunta. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Yapo pia mambo ya mahali petu, ambayo vitabu vya ng'ambo havitayaandika. Umeme ukikatika, au ukiishi katika kijiji kinachotegemea sola, chaja ya wati 65 inaweza kuhudumiwa na inveta ndogo, lakini kompyuta ya michezo ya kuigiza vita, yenye chaja ya wati 180 au zaidi, itakumalizia betri ya sola kabla ya isha. Windows isiyowekewa mpaka itashusha masasisho na kulimaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mtandao wa simu uutaje katika mipangilio yake kuwa ni wa kupimwa, nayo itajizuia. Tena uulize nani atakayekutengenezea. Mfumo unaojulikana na fundi wa mjini kwako una faida ambayo haimo katika tangazo lolote, na mtu anayehamia Linux peke yake katika ofisi ya watu kumi wasioijua ajiandae kuwa fundi wa nafsi yake.

Sharti niguse leseni, ingawa najua neno hili huleta minong'ono. Desturi ya kumwendea fundi "apige Windows" iliyokrakiwa imeenea, na watu huifanya kwa kuona kwamba leseni ni anasa. Lakini programu iliyochakachuliwa imepitia mkono wa mtu usiyemjua, na mtu huyo anaweza kuwa ameweka humo kitu cha kunasa nywila. Je, inafaa mashine ya namna hiyo iwe ndiyo inayofungua akaunti ya benki ya chama chenye fedha za wakulima mia tano? Na lipo jambo ambalo wengi hawalijui: mashine za ofisi zilizouzwa na Windows tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, aghalabu zina ufunguo wa leseni uliowekwa ndani ya ubao wake, hivyo fundi akiiweka upya Windows halali ya daraja lile lile, hujitambulisha yenyewe ikiunganishwa na mtandao. Watu wamekuwa wakikrakiwa kitu ambacho walikwisha kukilipia. Na asiye na leseni wala fedha ya kuinunua, Linux ipo kwa halali, haihitaji wizi.

Atauliza mtu: ikiwa ndivyo, mbona tusihame sote kwenda Linux? Jawabu langu ni kwamba hama, lakini hama kwa utaratibu: badilisha programu kabla ya kubadilisha mfumo. LibreOffice, GIMP na QGIS zinakaa katika Windows uliyo nayo leo. Ziweke, uzitumie msimu mzima, uchukue faili lako gumu kuliko yote, lile lenye majedwali mapana na vichwa vilivyopambwa, ulifungue humo na kulirudisha kwa mtu wa Word uone limeharibika kiasi gani. Ukiona kazi inaenda, siku ya kubadilisha mfumo itakuwa siku ya kawaida. Ukiona haiendi, umejua bila ya hasara. Na zaidi ya yote tazama watu unaopashana nao mafaili: mtu anayefanya kazi peke yake huchagua kwa hiari yake, lakini anayepokea kila juma faili la Excel kutoka wilayani na kutakiwa kulirudisha likiwa vile vile, sehemu ya hiari hiyo iko wilayani.

Naelekeza neno la mwisho kwa bodi za vyama na kamati za shule, kwa kuwa nyinyi mnanunua kwa fedha ya watu. Kabla ya kuomba bei dukani, ile karatasi ya programu isomwe mkutanini na iingie katika mihtasari, na sharti la kwanza la ununuzi liwe kwamba programu zilizotajwa zifunguliwe mbele ya wajumbe katika mashine yenyewe kabla ya malipo. Kisha zingatieni kwamba mashine nzuri kuliko zote mtakayoinunua mwaka huu huenda ikawa imechoka baada ya miaka sita au saba, ilhali hesabu za mavuno na madeni ya mkulima zina haki ya kuishi kuliko mashine tatu zikifuatana. Kwa hiyo, programu yoyote mtakayouziwa, mtakeni muuzaji awaonyeshe kwa macho yenu namna ya kuzitoa kumbukumbu zote kutoka humo na kuziweka katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, uwe wa CSV ulio maandishi matupu, au wa ODF uliokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2006. Akiweza, mjadiliane bei. Akisema kwamba jambo hilo haliwezekani, au kwamba litashughulikiwa baadaye, mkoba wa chama ufungwe, na mkutano uendelee na ajenda inayofuata.